Mwisho wa Scaramouche (1952): Lenore alipigwa kibuti au alijiondokea mwenyewe?

#1 MkandaMrefu
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wapenzi wa picha za zamani, zile za mapanga, farasi na mashati ya mikono mipana. Kama Scaramouche hujaiona na unapanga kuiona, ishia hapa, maana naanzia mwisho.

Jana usiku nimeirudia ile ya studio ya MGM ya 1952, mwongozaji George Sidney, steringi Stewart Granger. Kwa waliosahau: André Moreau ni mtoto wa nje asiyemjua baba yake. Rafiki yake Philippe, anayeandika vijitabu vya kimapinduzi kwa jina la Marcus Brutus, anauawa kwa upanga na Marquis de Maynes (Mel Ferrer), tena baada ya kuchezewa kwanza mbele ya watu. André anaapa kulipiza. Anajificha kwenye kikundi cha waigizaji wa kuzungukazunguka, anavaa kinyago cha Scaramouche, na pembeni anajifunza upanga. Ndani ya kikundi yupo Lenore (Eleanor Parker), nywele nyekundu, mdomo mkali. Nje ya kikundi yupo Aline (Janet Leigh), binti wa kikabaila ambaye André anampenda ila anaamini ni dada yake kwa baba.

Mwisho sasa. Pambano refu ndani ya ukumbi wa maonyesho, André anapata nafasi ya kummaliza de Maynes, mkono unakataa. Baadaye anaambiwa kwamba de Maynes ndiye ndugu yake kwa baba, na Aline si dada yake hata kidogo. Harusi hiyo. Lenore yuko juu barazani anawarushia maharusi maua, halafu anageuka kwa mpenzi wake mpya, na mpenzi mwenyewe ni Napoleon Bonaparte!

Hoja yangu: huu mwisho ni dhuluma. Kikundi cha Lenore kimemficha jamaa, kimempa kazi na jina. Aline kafanya nini zaidi ya kuzaliwa vizuri? Nani anabisha?

#2 KijiweChaMagomeni
Steringi kapima, kaona upande wenye kasri. Uzi ufungwe.

#3 Bi Shuwena
Mleta uzi, umeiangalia picha au umemwangalia Eleanor Parker tu? Lenore hakudhulumiwa. Kuna mahali Lenore na Aline wanakutana na kupanga njama pamoja ili André na de Maynes wasikutane. Ndiyo maana kila siku jamaa, akiwa amepewa kiti cha ubunge, anakwenda Bungeni kumtafuta adui yake na adui hayupo. Mwanamke akishakaa na mwenzake kumlinda mwanamume mmoja, amekwisha kujua mwanamume huyo moyo wake uko wapi. Yule alijitoa kabla hajatolewa.

#4 MkandaMrefu
Bi Shuwena, kujitoa kwa sababu huna njia nyingine, mimi sikuiti kujitoa.

#5 Bi Shuwena
Haya, endelea kumlilia. Mwenzio yuko na Bonaparte.

#6 KitabuMkononi
Habari wadau. Wengi hamjagusa kitabu, na jibu la nusu ya mabishano haya limo humo. Riwaya ni ya Rafael Sabatini, ilitoka 1921. Sabatini alizaliwa Italia mwaka 1875, baba Mwitalia, mama Mwingereza, wote wawili waimbaji wa opera, na vitabu vyake aliandika kwa Kiingereza. Mtu aliyezaliwa na wasanii wa jukwaani unategemea angeandika nini?

Kitabuni hakuna Lenore. Yupo Climène, binti wa mzee Binet mwenye kikundi, na Climène wa kitabuni anamtupa André akaenda kwa Marquis mwenyewe kwa ajili ya fahari. Kwa hiyo msomaji anamkasirikia, na André akienda kwa Aline hakuna anayelalamika. Jambo la pili: kitabuni Marquis (anaitwa La Tour d'Azyr) si ndugu. Ni BABA. Mama ni Madame de Plougastel, na siri inatoka Paris siku ya 10 Agosti 1792, siku kasri la mfalme la Tuileries linavamiwa, baba na mtoto wakiwa uso kwa uso na silaha.

Hollywood walimfuta Climène msaliti wakamweka Lenore mcheshi na mwaminifu, lakini harusi ya mwisho wakaiacha palepale ilipokuwa. Ndiyo maana inakukereketa, MkandaMrefu. Mwisho ulishonwa kwa mwanamke mwingine.

#7 MkandaMrefu
Hapa nimepata kitu. Asante mkuu. Lakini basi wanaongeza kosa: umembadilisha mwanamke, badilisha na mwisho!

#8 FundiSaa
Na kwa nini baba akageuzwa kuwa ndugu? Hapo ndipo mwisho wote ulipoharibika. Baba unamwinulia upanga, halafu mama anatokea anapiga kelele "huyo ni baba yako!" Hiyo ndiyo picha. Ndugu kwa baba, tena umeambiwa baada ya pambano kwisha, ina uzito gani?

#9 KitabuMkononi
FundiSaa, hesabu ya miaka. Stewart Granger kazaliwa 1913, Mel Ferrer kazaliwa 1917. Baba angekuwa mdogo kwa mtoto.

#10 KijiweChaMagomeni
Hahahaha. Baba mdogo kweli.

#11 FundiSaa
Wangetafuta mtu mzima. Waliopo wamejaa.

#12 KitabuMkononi
Mtu mzima atapanda kwenye kuta za mabalkoni akicheza upanga mfululizo? Ile ya 1923, isiyo na sauti, ya Rex Ingram, walifanya baba kama kitabu kinavyosema. Ramon Novarro ndiye steringi na Lewis Stone ndiye Marquis. Lakini ile haikuegemea pambano kama hii.

Na hapa kuna kitu nakipenda sana. Huyohuyo Lewis Stone yumo kwenye ya 1952, amezeeka. Anacheza Georges de Valmorin, baba yake Philippe aliyeuawa. Na ndiye anayemwambia André ukweli kuhusu baba yake. Yaani mtu aliyekuwa baba wa siri mwaka 1923 ndiye anayekuja kutoboa siri 1952.

#13 MkandaMrefu
Aisee. Hiyo imenipita kabisa.

#14 Mwalimu wa Zamu
Nimefika. Mmesahau jambo kubwa: kanuni za maadili za Hollywood, zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934. Filamu ya 1952 haiwezi kumaliza kwa steringi kuishi raha na mwigizaji waliyekuwa wakibusiana na kugombana bila ndoa, akamwacha binti mwenye heshima zake. Na kuua baba mzazi, au hata kumkaribia, ni maneno. Ndugu ni nafuu. Kwa hiyo mwisho huu ni wa ofisini, si wa msanii.

#15 Bi Shuwena
Mwalimu, kama kanuni zingekuwa zimemshika Lenore, zingemwadhibu. Picha za miaka ile mwanamke wa namna hiyo anakufa, au anaachwa analia kwenye mvua. Huyu anaachwa anacheka, ana gauni zuri, ana mwanamume mpya. Adhabu iko wapi?

#16 Mwalimu wa Zamu
Adhabu ni Napoleon.

#17 ShababuMvita
Assalam aleikum jamaa wa bara. Mimi nawasoma nacheka tu. Nduguye amepotea, hamjui, wanapigana mpaka karibu kuuana, kisha mzee mmoja anakuja kusema "nyinyi ni damu moja". Sisi huku Mombasa hadithi hiyo tumeiona mara ngapi kwa Wahindi? Ilikosekana alama ya kuzaliwa begani na wimbo wa mama. Filamu ya Kihindi ingewafanya wakumbatiane, wakamlilie mama pamoja. Wazungu wamemwacha de Maynes hajulikani kaelekea wapi. Hapo ndipo mimi sikuridhika, si kwa Lenore.

#18 FundiSaa
Shekhe umenena. De Maynes aambiwe naye! Yule bwana kamuua Philippe, kaumbuliwa mbele ya watazamaji, na hatumwoni akijua kwamba aliyemshinda ni mdogo wake au kaka yake.

#19 JukwaaniLindi
Nimekaa kimya nikashindwa. Mimi nimewahi kuwa kwenye kikundi cha maigizo, tulikuwa tunazunguka Lindi, Masasi na Newala na michezo ya uhamasishaji wa afya. Mimi na dada mmoja tulicheza mke na mume wanaogombana. Watu walikuwa wanaangua kicheko mpaka chini. Kwenye gari tukawa tunaendelea kugombana, na katika kugombana tukapendana, au tulidhani hivyo. Mradi ulipokwisha tukakutana siku moja mjini, tukakaa mezani, tukakosa la kugombania. Soda ikaisha, kila mtu akashika njia yake.

Kwa hiyo André na Lenore mimi nawaelewa kabisa. Wanapigana jukwaani na nje ya jukwaa, na kile wanachokiita mapenzi ni mazoezi ya mchezo. Kinyago kikivuliwa, imekwisha. Hakuna aliyempiga mwenzake kibuti.

#20 MkandaMrefu
JukwaaniLindi, hii nzuri, lakini wewe ulimpoteza yule dada kwa sababu hamkuwa na la kusema. Lenore la kusema analo hadi dakika ya mwisho! Aline ndiye asiye na la kusema.

#21 Binti Chuda
Wanaume mna shida. "Aline hana la kusema." Aline amekwenda kwenye ukumbi wa maonyesho akiwa na de Maynes anayetakiwa kumuoa, kwa mpango wa malkia Marie Antoinette mwenyewe. Msichana analelewa na malkia, hana sauti juu ya ndoa yake, na bado anakwenda kupanga na mwigizaji wa barabarani jinsi ya kumwokoa mtu anayempenda. Hilo si jambo dogo kwa mtoto wa kikabaila. Shida ni kwamba Janet Leigh amepewa maneno matamu na Eleanor Parker amepewa maneno makali, na watu husikia makali.

#22 KijiweChaMagomeni
Nakazia. Ila ukweli usemwe, Eleanor Parker nyota yake ya kuachwa ilikuwa kali. Mnaikumbuka The Sound of Music ya 1965, ule muziki wa milima ya Austria, kapteni mjane mwenye watoto saba? Baroness anayeachwa kwa ajili ya yaya mwenye gitaa ndiye huyuhuyu.

#23 Bi Shuwena
Hahaha sikuwa nimeunganisha! Na kote anaondoka kwa adabu.

#24 MkandaMrefu
Mnaona? Hollywood ilikuwa na mpango na huyu mama.

#25 MsomaRamani
Turudi kwa Napoleon, maana mnampita haraka. Mimi ndiye napenda tarehe. Hadithi ya filamu inaanza kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, kisha tunaingia kwenye Bunge la Taifa, yaani 1789 na kuendelea, ambapo makabaila wanawachokoza wabunge wa upande wa wananchi ili wawaue kwa upanga kwa kisingizio cha heshima. André anaitwa akae kiti cha ubunge kwa sababu anajua upanga. Sasa, mwaka 1789 Bonaparte ana miaka 20, ni luteni wa mizinga, kikosi chake kiko Auxonne, mfukoni hana kitu. Mwaka 1792 ndiyo yuko Paris, na ile 10 Agosti aliyoitaja KitabuMkononi aliiona kwa macho yake. Jina kubwa analipata kwenye vita vya Toulon mwishoni mwa 1793.

Kwa hiyo Lenore wa barazani amemchukua luteni maskini ambaye hakuna anayemjua. Wanaojua ni sisi tuliokaa kwenye viti. Huo ndio mzaha.

#26 Mwalimu wa Zamu
Mzaha huo unamdhalilisha tu mwanamke. Wanasema "usimhurumie, kapata mkubwa zaidi". Thamani yake inapimwa kwa mwanamume aliyempata.

#27 MsomaRamani
Mwalimu, igeuze. Nani kapata nafasi mbaya pale mwisho? André anamuoa binti wa kikabaila, mtu wa karibu wa malkia, kwenye Ufaransa inayoelekea 1793! Malkia mwenyewe alikatwa kichwa Oktoba 1793. Wale maharusi wanaopita chini na gari la farasi, wakicheka, wana miaka michache tu kabla watu wa aina ya Aline hawajaanza kutafutwa majumbani. Lenore amesimama juu akiwatazama, na pembeni yake yupo mtu wa enzi inayokuja. Mimi nauona mwisho ule una ukatili uliofichwa ndani ya kicheko.

#28 FundiSaa
Umeitia chumvi mkuu. MGM walikuwa wanataka watu watoke ukumbini wakitabasamu, basi.

#29 MsomaRamani
Vyote viwili vinawezekana. Mtu anaweza kutoka akitabasamu, mwingine akatoka na hesabu zake.

#30 Bi Shuwena
Mimi naongeza tarehe moja tu. Napoleon alimuoa Joséphine Machi 1796. Mjane, amemzidi miaka sita, mzaliwa wa Martinique. Filamu inamweka Lenore mahali pa wale wanawake ambao historia haikuwaandika, kabla Joséphine hajafika. Kwa hiyo MkandaMrefu jiandae, ataachwa tena.

#31 MkandaMrefu
Niacheni jamani.

#32 NgomaYaMgeni
Natokea pembeni. Mimi Scaramouche nilimjua kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mtoto wa Zanzibar, aliyezaliwa Mji Mkongwe, 1946. Ule wimbo mrefu wa Queen wa 1975 jina hili limo. Naamini alikuwa anaizungumzia filamu hii.

#33 Bi Shuwena
Freddie wetu tunamdai kila kitu, lakini hilo la filamu usiliseme kama umekaa naye. Scaramouche ni mhusika wa maigizo ya Kiitaliano, amekuwepo zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Sabatini kuzaliwa. Aliyempa umaarufu Paris ni Tiberio Fiorilli, 1608 hadi 1694, na Molière, mwandishi wa michezo, anasemekana alijifunza mengi kwake. Nguo nyeusi, majigambo mengi, mbio akitishwa.

#34 KitabuMkononi
Na Fiorilli alikuwa anacheza bila kinyago, uso umepakwa unga. Filamu imemvisha kinyago kwa sababu André anajificha. Bila kinyago hakuna hadithi. Kinachonifurahisha ni kwamba Scaramouche wa asili ni mwoga mwenye maneno mengi, na André anaanza hivyohivyo: pale Philippe anapouawa, yeye hajui hata kushika upanga, anabaki na kiapo tu. Anaapa atamuua de Maynes kwa njia ileile. Mwisho anakuwa mtu anayeweza kuua na haui. Kwangu huo ndio mwisho wa picha. Harusi na maua ni mapambo.

#35 FundiSaa
Hapa sasa umegusa kwenye mshono. Tuongelee lile pambano. Dakika sita na nusu hivi, na hamna muziki hata kidogo! Victor Young aliandika muziki wa filamu nzima, lakini pale unasikia chuma, viatu na pumzi. Aliyewapangia mapigo ni Jean Heremans, Mbelgiji, mwalimu wa upanga. Wanapanda kwenye ukingo wa mabalkoni, wanashuka ngazi kuu, wanaingia kwenye viti, wanamalizia jukwaani. Adui anapelekwa mpaka kwenye nyumba ya Scaramouche.

#36 ShababuMvita
Na walimu wake je? Kwanza anafundishwa na Doutreval, ambaye ndiye mwalimu wa adui yake. Kisha akifika Paris anamwendea Perigore, aliyemfundisha Doutreval. Yaani amepanda juu ya mwalimu wa mwalimu wa adui. Huyo mtu ukimkuta ukumbini utamwachia upanga wako umwombe msamaha.

#37 JukwaaniLindi
Ndiyo maana nasema damu haikuhusika. Mnasema mkono ulikataa kwa sababu ya undugu. Undugu hakuujua! Mkono ulikataa kwa sababu pale jukwaani ndipo anapochekesha watu kila usiku. Mtu aliyezoea kuanguka kwa mzaha mahali fulani, kuua mahali hapohapo ni kazi. Nawaambia kama mtu aliyesimama jukwaani.

#38 Mwalimu wa Zamu
Hapana. Filamu inataka tuamini damu imesema. Mzee Valmorin anakuja kutoa sababu palepale baada ya pambano. Ni imani ya zamani kwamba damu hujuana. Mimi siipendi, lakini ndiyo iliyoandikwa.

#39 Binti Chuda
Damu ingekuwa inajuana, mbona haikumwambia kwamba Aline si dada yake? Alimwamini mtu kwa jina la karatasi akamkimbia mchumba. Damu ya André inasema kwa de Maynes, kwa Aline inanyamaza.

#40 KijiweChaMagomeni
🔥🔥 Mwalimu jibu hapo.

#41 Mwalimu wa Zamu
Nitarudi.

#42 MwanaZiwa
Hilo la dada kwa baba mnalichekea, mimi limenikuta. Nilikuwa na binti tuliyesoma naye chuo. Siku nimempeleka nyumbani Mwanza, mama akamuuliza ukoo, akamuuliza kwao, akaingia chumbani hakutoka. Mzee wetu alikuwa kwenye mabasi ya mikoani enzi hizo, mnajua wenyewe. Tofauti na André, kwangu hakuna mzee aliyetokea kusema "samahani kijana, baba siye yule". Leo ni dada yangu, ana watoto, tunapigiana simu sikukuu. Lakini ile sehemu André anagundua, halafu anaanza kumfanyia Aline utani wa ghafla wa kaka kwa mdogo wake, mimi huwa naipeleka mbele.

#43 Bi Shuwena
Pole mwanangu.

#44 ShababuMvita
Pole ndugu. Lakini mama ulimuuliza vizuri? Usije ukakuta naye hampendi mkwe tu.

#45 MwanaZiwa
Hahaha acha fitina shekhe. Tumefanana pua.

#46 MkandaMrefu
MwanaZiwa umenifanya niangalie upya ile sehemu. Kama André kwa muda wote anaamini Aline ni dada, basi Lenore kwake ni nini? Kimbilio. Anamchumbia mmoja ili asimfikirie mwingine. Hii inazidisha hoja yangu, haipunguzi: alimtumia.

#47 Bi Shuwena
Na Lenore alijua anatumiwa, akakubali kwa masharti yake. Wewe unataka awe mjinga ili umwonee huruma.

#48 MzeeWaOdeon
Vijana hamjambo. Nimesoma ukurasa wote. Granger mnamtaja kama mgeni, kumbe huku amefika. Filamu ya Migodi ya Mfalme Suleimani, iliyotoka 1950, yeye na Deborah Kerr walipigwa picha Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo. Maporomoko ya Murchison yamo. Ile ndiyo iliyompandisha chati MGM, na katika kukubali mkataba wao sharti lake moja lilikuwa wamtengenezee Scaramouche. Jina lake halisi ni James Stewart, akabadili kwa sababu Marekani alikuwepo tayari James Stewart mwingine.

Kuhusu mwisho: ukumbini watu walipiga makofi kwenye pambano, na kwa Lenore barazani walicheka. Wengi hawakumtambua yule kofia ni nani, ikabidi aliyekaa karibu na wewe akueleze. Sikumbuki mtu aliyelalamika kuhusu Aline. Steringi lazima aoe, kwisha.

#49 FundiSaa
Shikamoo mzee. Ulitafsiriwa au ulisikia mwenyewe?

#50 MzeeWaOdeon
Marahaba. Nani alikuwa na haja ya maneno? Upanga unajieleza.

#51 Binti Chuda
Narudi kwa de Maynes maana ShababuMvita aliuliza kaelekea wapi na hakuna aliyejibu. Kisheria André angeweza kudai chochote kwa baba aliyekufa? Mtoto wa nje, Ufaransa ya wakati ule?

#52 MsomaRamani
Chini ya sheria za kale, cheo hapati. Lakini subiri Mapinduzi. Juni 1790 vyeo vya kikabaila vilifutwa, kwa hiyo de Maynes mwenyewe si Marquis tena. Na Novemba 1793 ikatoka sheria ya kuwapa watoto wa nje haki ya kurithi. André angeweza kwenda kudai.

#53 Mwalimu wa Zamu
Adai nini? Kufikia hapo mali za makabaila waliokimbia nchi zilikuwa zinachukuliwa na taifa. Atapewa sheria bila shamba. (Na Binti Chuda, swali lako la damu bado nalipikia jibu.)

#54 Binti Chuda
Nakusubiri Mwalimu, chumvi nimeshaweka.

#55 KitabuMkononi
Kwa taarifa, Sabatini aliandika mwendelezo, ulitoka 1931. Humo Mapinduzi yamekwishachafuka, na André yuleyule aliyekuwa anahutubia umati sasa anahangaika upande wa kuurudisha ufalme, pamoja na Baron de Batz, mtu wa kweli wa historia. Na harusi na Aline bado haijafungwa kitabu kinapoanza.

#56 KijiweChaMagomeni
Kumbe alihama chama? Basi huyo alikuwa mbunge halisi.

#57 MkandaMrefu
KitabuMkononi, huo mwendelezo Climène anatokea? Na unapatikana wapi, mimi nipo Arusha.